Ungo, Mwembe na Watani wa Jadi

Hadi ninapoandika haya baba mkwe wangu hajaniuliza tena habari za televisheni, nami naijua heba ya mzee yule kiasi cha kufahamu kwamba kimya chake si cha kusahau, bali ni sitara anayonisitiri kwa fedheha iliyonifika Jumamosi alasiri, pale nilipowakusanya jamaa na majirani wapya katika sebule ya nyumba tuliyohamia huku Raskazone, Tanga, wapate kutazama mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, na badala ya mechi nikawaonyesha, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kioo cha buluu chenye maneno mawili: hakuna mawimbi.

Adhuhuri ya siku ile picha ilikuwa safi. Lakini mnamo saa kumi na nusu ilipita rasharasha ya masika, mvua ambayo hata nguo kambani hazianuliwi kwa ajili yake, na wachezaji walipojipanga kupeana mikono, sura ya mwamuzi ikaanza kukatika vipande vya mraba, pua ikasalia kushoto na filimbi kulia, kisha akatoweka yeye na uwanja mzima. Zama za antena mtu alipotewa na picha kwa daraja: ilififia, zikaingia chenga, walakini mpira uliuona ukipenya katikati ya chenga hizo, ukapata angalau la kubishania. Mitambo ya dijitali, ambamo sisi tuliingizwa rasmi usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ilipozimwa ile ya analojia Dar es Salaam, haina daraja: ama yote, ama hapana kitu.

Nikapanda juu ya paa. Nilikuwa nimevaa kanzu, maana ndivyo mtu amkaribishavyo mkwewe, nikaikunja kiunoni, nikashika spana namba 13, nikausogelea ungo kwa magoti juu ya bati lililorowa. Chini ya ngazi alisimama kijana wa jirani, mlangoni mwanangu, na ndani shemeji yangu akiwa na rimoti, amefungua ule ukurasa wenye mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Mistari hiyo ni kadhia peke yake. Nguvu ni kila kelele inayofika kwenye ungo, itoke kwa setilaiti yoyote au hata katika kile kichwa kidogo chenyewe kilicho mbele ya ungo, ambacho mafundi hukiita LNB. Ubora ni kile tu ambacho king'amuzi kinakielewa. Kwa hiyo yawezekana kabisa nguvu ikafika 90 na ubora ukawa sifuri, na mtu asiyejua hilo hushangilia nguvu. Shemeji yangu hakujua. "Tisini!" akapaza sauti, mwanangu akapokea "Tisini!", kijana wa jirani akanifikishia kwa furaha, nikakaza nati. Tena king'amuzi huchukua muda kidogo kabla ya kukiri kilichokifikia, na safu yetu ya matarishi ikaongeza wake, hata habari niliyoipata ya "Imekuja!" ilikuwa ya mahali ambapo ungo ulikuwapo zamani, na ile ya "Imepotea!" ilinijia wakati nimekwisha kuupitisha pale ilipopatikana.

Nikiwa katika hali hiyo, bao likafungwa. Lilianza kwenye baraza ya kahawa iliyo mtaa wa nyuma, penye redio. Sekunde kadhaa zikapita, ndipo nyumba zenye ungo zikalipuka, moja huku, moja kule, kila mahali isipokuwa chini ya miguu yangu. Nakiri kwamba hata katika dhiki ile nilitaajabu. Mawimbi hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka tena, safari ya karibu kilomita 72,000, kwa takriban robo ya sekunde tu. Muda mwingine wote uliobaki huliwa na mitambo ya hapa hapa duniani, inayoikunja picha isafirishike na kuikunjua tena. Mbingu hazina taksiri, wanaochelewesha ni sisi.

Niliposhuka niliwakuta watu wazima wote wamekaa kwa adabu, nyuso zao zimeelekea kwenye kioo kile cha buluu, na mbele ya televisheni, juu ya kitambaa cha meza, redio ndogo ya baba mkwe aliyoitoa mfukoni mwa kanzu yake ikitangaza.

"Kaa, mwanangu," akaniambia bila ya kugeuka, "mpira unaendelea."

Sasa niseme jinsi jambo lenyewe lilivyo, kwa kuwa tangu siku ile sina mazungumzo mengine, na mke wangu amekwisha kuyachoka. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika katika jarida la Wireless World kwamba chombo kikipelekwa juu ya ikweta, kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, hivyo mtu aliye chini atakiona kimesimama mahali pamoja usiku na mchana. Mwaka 1964 Marekani ikaiweka Syncom 3 katika njia hiyo, na picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo zikavuka bahari kwa sababu yake. Leo vyombo hivyo vimejipanga juu ya ikweta, kila kimoja na nyuzi zake, na kile nilichokuwa nikikitafuta kipo nyuzi 36 mashariki. Mtambo wake hutuma kila mkondo wa matangazo kwa nguvu ya takriban wati 100, kiasi cha balbu moja ya zamani ya sebuleni, na mwanga huo mchache umetandazwa juu ya nchi kadhaa. Ukikosea uzi mmoja tu hapa chini, huko juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Mtu aliyeipata setilaiti kwa spana, juu ya bati, kwa habari za kupokezana, kwa kweli anastahili kupigiwa saluti.

Tanga tupo karibu mno na ikweta, na setilaiti ile ipo magharibi yetu kidogo tu. Basi kwetu sisi haipo upeoni, ipo utosini, zaidi ya nyuzi 80 kutoka ardhini, imeegemea kati ya kibla na magharibi. Lakini ungo wenyewe ni mnafiki. Ungo wa siku hizi ni kipande kilichokatwa pembeni mwa duara kubwa zaidi, kichwa chake kikawekwa kwa chini badala ya katikati, kwa hiyo hautazami pale unapoonekana kutazama: ukisimama mbele yake utaapa kwamba unachungulia paa la jirani, ilhali nadhari yake imepanda juu ya hapo kwa nyuzi 20 na zaidi.

Fundi wa kwanza niliyemwita hakulifahamu hilo. Alisimama uani, akanyoosha kidole kwenye mnazi wa jirani, akatoa hukumu, akaniuzia LNB mpya, akaenda zake, nami nikabaki na kazi ya kumwendea mtu niliyehamia karibu naye juzi kumwomba apunguze makuti ya mnazi ambao, kama ilivyodhihiri baadaye, haukuwa na hatia yoyote. Fundi wa pili alikuwa mtu mzima. Hakugusa ungo. Aliuliza kibla ni wapi, akageuka kidogo kushoto, akainua uso moja kwa moja juu, akanyamaza. Juu ya paa letu umelala mwembe dodo, tawi nene lenye majani ya kutosha kukifunika chumba. Mawimbi yale ni mafupi, urefu wake kama sentimita 2 na nusu, na hakuna yanachokichukia kama maji: jani kavu huyapunguza, jani lililorowa huyameza. Kukiwa na jua picha hupita kwa kubahatisha. Ikinyesha rasharasha, kwaheri.

Nikampigia simu mwenye nyumba. Akaniambia, kwa upole wa mtu ambaye fedha zake zimekwisha kuingia, kwamba mwembe ule ulipandwa na marehemu baba yake, kwamba katika mkataba matunda yake si ya mpangaji, na kwamba tawi halikatwi kabla ya embe za mwisho wa mwaka kuchumwa. Nimemlipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kunionyesha mlango, naye dalali huyo aliusifu mwembe ule kwa kivuli chake. Kwa fedha zote hizo sina haki ya jani moja. Ungo kuuhamishia upande wa pili wa paa nako amekataza, asije akatobolewa ukuta.

Tangu hapo kiungo cha waya kimeota kutu kwa chumvi ya bahari. Panya naye ameonja waya.

La mwisho ndilo linaloniuma hasa. Nilipowapigia wenye king'amuzi, baada ya muziki mrefu, binti mwenye sauti ya staha aliniambia nikizime, nihesabu hadi kumi, nikiwashe. Nilipomweleza habari ya mwembe akanyamaza, kisha akanikumbusha tarehe ya kulipia. Kwa mteja mawimbi ya setilaiti hushuka tu, hayapandi. King'amuzi changu hakina ulimi wa kuwaarifu huko kwamba mimi natazama buluu, na siku za kifurushi zinahesabiwa vile vile, za picha na za kiza. Kwa hiyo mwenye kujua kwamba huduma haikufika ni mteja peke yake, na mteja hasadikiwi. Nawaomba wenye kampuni hizo jambo jepesi: anayehama nyumba apewe ruhusa ya kusimamisha hesabu ya siku zake mpaka ungo utakapotengemaa, na neno lake lipokewe. Fundi aje ashuhudie, ikibidi, chai ipo. Kifurushi changu kinakwisha Alhamisi, na sitalipia kingine mpaka embe zichumwe.