Dakika Tano za Pakiti, Saa Mbili za Tunduma

Tunduma ni mji ambao mgeni wako anaweza kuingia saa nzima baada ya chakula kupoa, akakuonyesha saa yake ya mkononi, ukakuta hana kosa. Ng'ambo ya pili, Nakonde, ni Zambia, na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa saba mchana, kwao ndiyo kwanza saa sita. Mpaka wenyewe watu wanauvuka kwa miguu na ndoo kichwani, wala huoni mahali hiyo saa moja ilipodondokea. Simu nazo hazisaidii. Ukikaa nyumba za karibu na mpaka, laini inadaka mnara wa ng'ambo na saa inajirudisha nyuma bila kukuaga. Ndiyo maana hapa tukipeana miadi tunaulizana, "Saa saba ya kwetu au ya kwao?" Na hata ukishajibiwa, unapika ukiwa na wasiwasi.

Katika mji wa namna hiyo, chakula cha dukani kinachojitangaza kuiva kwa dakika tano ni neema. Mimi ni wakala wa forodha. Tangu 2019 ukaguzi wa Tunduma na Nakonde unafanyika kwa utaratibu wa kituo kimoja, na mambo yamekuwa mepesi kiasi, lakini lori linalokwenda Lubumbashi likipungukiwa karatasi moja halijali kwamba kesho una wageni. Kuchambua mchele, kukuna nazi, kuloweka maharage tangu jana yake, hayo ni mambo ya mtu ambaye simu yake hailii.

Na pakiti Tunduma hazikosekani. Rafu moja ina bidhaa za Dar es Salaam, za Lusaka na za Afrika Kusini zikitazamana: tui la nazi la pakiti, nyanya ya kopo, chapati za kuganda, nyama ya soya, kastadi, maheu ya chupa. Mwenye duka anapokea shilingi, anarudisha chenji kwa kwacha, na hesabu anaifanya kichwani kabla hujafungua mkoba.

Jumapili moja nilikuwa na ugeni mzito: mama mkwe, baba mdogo na wifi, wote kutoka Vwawa, pamoja na rafiki yangu wa Nakonde tunayefanya naye biashara. Orodha niliipanga kitaalamu. Wali wa nazi, kuku, chapati, mchuzi wa nyama ya soya, soseji nene ya kukata vipande ambayo wenzetu wa ng'ambo huiita poloni, na kastadi ya kumalizia. Ukijumlisha dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zote, chakula chote hakifiki saa moja. Nikaenda kulala mapema.

Usiku umeme ukakatika.

Asubuhi chapati zangu kwenye friji zilikuwa zimelainika, zimeshikana, zimekuwa chapati moja nene ya kutosha kuzibia tundu kwenye paa. Kuku, ambaye nilimfuata asubuhi hiyo kwenye duka lenye jenereta, alikuwa na tatizo la upande wa pili: ameganda kama kimondo cha Mbozi, kile cha zaidi ya tani 10 kilicholala pale Marengi tangu kabla ya babu zetu. Tofauti yao ni kwamba kimondo kina mlinzi na watu wanalipa kiingilio. Nikamlaza kuku kwenye beseni la maji, nikamwomba afanye haraka.

Ndipo mama mkwe akabisha hodi. Ilikuwa saa tano. Alikuwa ametoka Vwawa mapema kwa kuogopa foleni ya malori, ambayo siku nyingine inaanzia huko Mpemba na kukufanya uzeeke ndani ya Noah. Siku hiyo barabara ilikuwa nyeupe. Nikampigia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasimama mlangoni akivuta hewa kwa pua.

"Mwanangu," akasema, "mbona kumepoa hivi? Kuna mgonjwa?"

Hapo ndipo pakiti zinapokushinda. Mgeni wa kwetu hapimi chakula kwa utamu peke yake. Anapima muda uliokaa jikoni, na vipimo vyake ni moshi, kelele za kinu na hali ya mwenyeji. Mwenyeji aliyeheshimu wageni anatoka jikoni macho mekundu, kitenge kimeingia masizi, anafuta jasho kwa kiwiko. Ukimpokea mama mkwe ukiwa umepaka mafuta na nywele zimekaa sawa, umeshamwambia kwamba ujio wake haukukugharimu kitu.

Wifi alielewa mara moja. Alinivuta uani, akawasha jiko la mkaa ambalo halikuwa na kazi yoyote, akakaangia humo vitunguu viwili peke yake. Harufu ikaenda sebuleni. Akanifunga kitenge kingine juu ya gauni, akanipaka unga kidogo mkononi, akaniambia nipite mara mojamoja nikihema. Nilipopita, nikamsikia mama mkwe akimwambia mume wangu, "Mwambie apumzike kidogo."

Chapati naye ndiye aliyeziokoa. Lile pande zima alilikatakata vipande vyembamba, akavikaanga na vitunguu, nyanya, hoho na mayai. Baba mdogo alijipakulia mara ya pili, akauliza chakula hiki kimechukua muda gani kutengeneza.

"Usiku kucha, baba," nikamjibu, na hapo sikudanganya hata neno moja.

Nyama ya soya ndiyo iliyoleta mjadala. Baba mdogo alitafuna, akasimama kutafuna, akatafuna tena.

"Hii nyama ya nini?"

"Soya, baba."

"Soya naijua, tunawatilia watoto kwenye uji. Mimi nauliza mnyama."

"Hakuna mnyama, baba."

Akaitazama sahani kwa muda. "Sasa hii mifupa yake mmeipeleka wapi?"

Poloni nayo niliipanga vizuri kwenye sahani ya mduara. Mama mkwe alichukua kipande, akakigeuza, akauma pembeni, akanirudishia macho ya huruma. "Kinaka hiki," akasema taratibu ili wengine wasisikie, "aliyekisonga hakukitia karanga. Na pilipili kasahau kabisa."

Ukikijua kinaka huwezi kumlaumu. Ni chakula cha huku kwetu nyanda za juu, na Zambia wanakiita chikanda. Viazi vidogo vya okidi, yale maua ya mbugani, vinachimbwa, vinakaushwa na kutwangwa. Unga wake unapikwa pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, unasongwa mpaka mkono ufe ganzi, ukipoa unakatwa vipande. Kipande chake kina rangi na umbo la soseji nene, na wala hakina nyama hata chembe. Wazambia wenyewe hutania kwamba ndiyo poloni ya Kiafrika. Wanakipenda mno kiasi kwamba viazi vya kwao havikuwatosha. Kwa miaka mingi magunia yametoka nyanda zetu za juu kusini yakipitia hapahapa Tunduma, na okidi kuchimbwa namna hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Saa nane kamili rafiki yangu wa Nakonde akaingia, safi, anatabasamu, saa yake ikisoma saa saba. Sisi tulikuwa kwenye vijiti vya meno. Mkononi alikuwa na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, na ndani yake, nani angedhani, chikanda. Pengine viazi vyake vilichimbwa upande huu, vikavuka mpaka vikiwa kwenye gunia, vikapikwa huko, na sasa vilikuwa vinarudi nyumbani vikiwa zawadi. Mimi, wakala wa forodha, nilikula bila kuuliza karatasi hata moja.

Mama mkwe alionja, akafumba macho. "Huyu," akasema akimwelekeza kidole rafiki yangu, "huyu ameamka usiku." Kisha akaisogeza ile sahani yangu ya poloni kwa upole mpaka ikawa mbele ya baba mdogo, ambaye bado alikuwa anatafuta mifupa.

Kastadi haikuganda, kwa kuwa umeme ulirudi wageni walipokuwa wanaaga. Tuliinywa kwa vikombe. Wifi aliwatangazia kwamba ndivyo inavyoliwa siku hizi Dar, na hakuna aliyebisha, maana Dar iko mbali na kuna mambo mengi huko.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Wiki iliyofuata simu ikalia nikiwa katikati ya karatasi za lori. Mama mkwe. Alinisalimia, akauliza kazi, akauliza watoto, akauliza hali ya hewa ya Tunduma kana kwamba Vwawa ni Ulaya. Kisha akashusha sauti.

"Ile nyama yako isiyo na mnyama. Inauzwa duka gani?"

Nikamtajia. Akasema Alhamisi akina mama wa kikoba wanakutana kwake, na yeye siku hizi mgongo unamsumbua, hawezi kukesha jikoni. Nikamwahidi kumtumia pakiti kwa Noah ya jioni, na nikaanza kumweleza kwamba ni kuloweka tu kwenye maji ya moto, dakika chache imeiva.

"Nimesoma," akanikatiza. "Nilikuta pakiti yake jikoni kwako. Ila wakikuuliza, waambie nilianza kuipika Jumatano."