Wiki ya Marudio

Jumatatu
Tumeanza na silabi. Nimeandika "mtu" ubaoni, darasa la nne wapige kofi kwa kila silabi. Wengi wamepiga moja. Wamekariri kwamba silabi lazima iwe na irabu, na "m" haina. Tukalitamka taratibu, midomo imefumbwa: m-tu. Makofi mawili. Wamefurahi sana. Nikaandika "mbuzi", wakapiga matatu. Kengele ikalia kabla sijawaeleza kwamba "m" ya mbuzi haisimami peke yake.

Jumanne
Imla. Nimesoma: "Njoo na ndoo ya maji." Binti aliyehamia kwetu Tanga kutoka Mombasa ameandika "Ndoo na ndoo ya maji." Nimemwekea alama ya kosa, kisha roho ikanisuta nikamwita mezani.

"Mwalimu, bibi husema hivyo."

Bibi yake yuko sawa. Hicho ni Kimvita: njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato. Nimemweleza kwamba Kiswahili cha vitabuni kimejengwa juu ya Kiunguja, na kwamba uamuzi huo ulipitishwa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika Mombasa kwao. Akauliza kama watu wa kwao waliulizwa. Nimemwambia kuhusu Muyaka bin Haji, aliyetunga mashairi makubwa kwa lugha hiyohiyo ya bibi yake. Hakuwa ameuliza hilo. Sitaki mtoto huyu aende nyumbani kumsahihisha bibi yake. Mtihani unataka "njoo", nyumbani iendelee "ndoo", na vyote viwili avijue.

Jumatano
Kamusi ni moja, watoto hamsini na wawili. Nimewapa kundi la mbele neno "walicheka". Kijana mmoja ameshika kurasa za W kwa robo saa, ameruka kwa furaha na kusoma kwa sauti: "Wali." Chakula cha mchele uliopikwa. Darasa zima limekubali.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tumewafundisha neno "mzizi" bila kuwapa kazi ya kulitumia. Tumelimenya "walicheka" kama muhogo: wa ni wao, li ni wakati uliopita, limebaki cheka. Tafuteni C. Wamelipata. Kundi la pili nimewapa "nyuso". Wameng'ang'ania N mpaka mmoja akakumbuka umoja wake, uso. Vipindi viwili vimeisha kwa maneno mawili, na sijutii hata dakika moja.

Alhamisi
Mvua. Wamefika kumi na wanane. Nomino na vitenzi.

Ijumaa
Jaribio. Karatasi zimerudi kutoka kwa mpiga chapa bila ving'ong'o: "ngombe", "ngamba", "ngoma". Swali la kwanza linauliza ni neno lipi halianzi kwa sauti ng'. Nimewaambia waongeze alama wenyewe kwa penseli. Watoto watatu wameiongeza kwenye yote, na "ng'oma" ikasomwa kwa sauti ili isikike ilivyo. Swali hilo nimelifuta.

Swali la nne: "mbuzi" ina silabi ngapi? Darasa likawa kimya. Kisha nikasikia makofi madogo chini ya madawati, mawili, mawili, mawili. Nyuma kabisa mtu akapiga matatu, akasita, akaanza upya.