Wi-Fi na Ukuta wa Mawe

Jumatatu
Baada ya magharibi Mama alikuwa akizungumza kwa video na mdogo wake aliyeko Muscat. Picha ikaganda, sauti ikakatika, naye akaendelea kumsimulia habari za arusi mpaka alipoona hajibiwi. “Mwanangu, njoo uitazame hii, imekwama tena.” Nikashuka sebuleni. Taa za ruta zote kijani. Nilipopima kasi pale pale, simu ilisoma megabiti 19 kwa sekunde, na tunalipia 20. Nikarudi ghorofani chumbani kwa Mama: megabiti 1. Kampuni ya intaneti inaleta tunachokilipia. Kinapotelea humu ndani.

Jumanne
Nimeupima ukuta wa kwenye ngazi: sentimita 58. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene huo ndio unaotuokoa na joto la kaskazi, lakini mawimbi ya Wi-Fi hayauwezi. Ruta yetu inarusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi ila hufia ukutani, ya 2.4 ni ya taratibu lakini hupenya mbali. Fundi wa laini alikuwa ameiweka ruta sakafuni, nyuma ya televisheni, ubavuni mwa friji, na bati la friji huyarudisha mawimbi yalikotoka. Nimeipandisha kwenye rafu ya juu, karibu na uwazi wa ngazi. Chumbani kwa Mama sasa inasoma 6. Picha ya Muscat haikuganda, ila sura zilikuwa na ukungu.

Jumatano
Binti yangu alikuwa kwenye somo la video. Mama akapasha supu kwenye maikrowevu, somo likakatika. Supu ilipotolewa, somo likarudi. Maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa ya karibu gigahezi 2.45, na hata likiwa halina hitilafu huvujisha kidogo, si cha kumdhuru mtu lakini chatosha kuivuruga Wi-Fi ya 2.4. Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta na kuyapa yale masafa mawili majina tofauti. Kompyuta ya binti, iliyo hatua chache tu kutoka kwenye ruta, sasa iko kwenye 5.

Alhamisi
Umeme umekatika adhuhuri. Uliporudi, ruta iliwaka lakini intaneti haikuja mpaka tulipoizima na kuiwasha upya. Nimeulizia dukani betri ndogo ya ruta. Ruta yetu ni ya volti 12. Zipo ruta za volti 9, na betri ya volti nyingi kuliko zinazohitajika yaweza kuiunguza. Kibandiko cha chini ya ruta husema ni volti ngapi.

Ijumaa
Mpwa wangu alirudi na hasira, anataka kwenda kuwagombeza watu wa kampuni: faili lake linashuka kwa 2.5 badala ya 20. Nimemkalisha. Kampuni huuza kwa megabiti, kompyuta huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ishirini gawanya kwa nane. Akachukua kikokotoo, akanyamaza.
Usiku nimetazama chaneli za Wi-Fi za majirani. Vichochoro vyetu vimebanana, na karibu nyumba zote ziko chaneli ya 6. Katika masafa ya 2.4 zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, nimehamia 11.

Jumamosi
Muuza duka amenishikia kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaka Wi-Fi na kuirusha tena. Nimekikataa. Mawimbi kitakayoyadaka ng'ambo ya ukuta ule tayari ni dhaifu, na vingi vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio moja, kasi ikabaki nusu. Watu wengi hapa mtaani wanapandisha kifurushi kila mwezi, na hela hizo zinaishia kwenye jiwe. Inaniuma kuona hivyo, maana dawa yake ni waya. Fundi amepitisha kebo ya Cat 5e kwenye uwazi wa ngazi; kebo hiyo huhimili hadi mita 100, na sisi hatukufika hata 20. Juu amefunga kirushio cha pili. Chumbani kwa Mama: 18.

Jumapili
Mama mdogo kapiga simu mwenyewe kutoka Muscat, wamezungumza mpaka isha. Jikoni nyuma bado hapashiki, kuna kuta mbili kama ile. Fundi anarudi wiki ijayo na kebo iliyosalia.