Dhuluma ya Rangi ya Zambarau

Ukiwa na mpwa anayesoma kemia ya A-level, usithubutu kumwambia kwamba na wewe uliwahi kuisoma. Wa kwangu amekuja hapa Neasden, akanibwagia daftari mezani. "Shikamoo mjomba. Hii imenishinda."

Pamanganeti kakutana na ayoni za chuma ndani ya asidi. Kijana ameshasawazisha atomi zote: manganizi moja kwa moja, chuma kimoja kwa kimoja, oksijeni nne zimekuwa maji manne, hidrojeni nane kila upande. Safi kabisa. Ila chaji kushoto ni tisa, kulia tano! Katika oksidisho na upunguzaji, atomi zikilingana bado hujafika popote. Kuna elektroni zinazohama mkono, na lazima zihesabiwe.

Manganizi anashuka kutoka namba ya oksidisho 7 hadi 2, maana yake anadai elektroni tano. Chuma kinapanda kutoka 2 hadi 3 tu. Uwezo wake ni kutoa moja. Basi waitwe chuma watano. Chaji zikawa 17 huku, 17 kule.

Mimi naona hapo hapana kemia, pana mwenye nyumba wa mtaa huu aliyeikata nyumba vyumba vitano, kila mpangaji atoe. Tena pamanganeti akishapokea, ile zambarau yake inayeyuka, humwoni tena. Bomba lipasuke, utapiga simu mpaka uchoke. Ukiona maabarani rangi ya waridi imebaki haiondoki, ujue chuma wote wameshakamuliwa.

Na kwa nini watunzi wa mitihani wasiulize kuhusu birika langu? Maji ya London ni magumu. Ukiyachemsha, kalisiamu hidrojeni kaboneti inavunjika kuwa kalisiamu kaboneti, maji na kaboni dayoksaidi. Moja kwa moja, imejisawazisha yenyewe, hakuna elektroni hata moja iliyodhulumiwa. Ukoko unaobaki ndani ni jamaa wa damu wa lile jiwe la chokaa lililotoka Bulgaria kujenga mandir yetu ya hapa Neasden, hekalu la Wahindu lililofunguliwa 1995. Watu wanatoka mbali kuja kulitazama lile. La kwangu nalisugua kwa siki.

"Mjomba, umemaliza?"

"Nimemaliza. Kunywa chai."

Akafunua ukurasa wa pili. Daikromati. Huyo anataka wapangaji sita.