Mtu wa Ilongero Akishuka Stesheni ya Chini ya Ardhi

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Ilongero, Singida, aliyechoka kununua mzigo Kariakoo, akaamua kuufuata mwenyewe Dubai. Ukiwa Deira utaambiwa upande treni Union au Baniyas Square, na stesheni hutaiona: kuna mlango tu barabarani, kilichobaki kiko chini. Usiogope. Singida watu wanaingia ardhini tangu Wajerumani walipoanza kuchimba dhahabu Sekenke. Tofauti ni kwamba huku unashuka kwa ngazi za umeme, unapigwa kiyoyozi, na unatoka bila hata gramu moja.

Kwanza mtafute konda. Hayupo. Mtafute dereva. Naye hayupo: treni hii inajiendesha yenyewe tangu ilipozinduliwa Septemba 9, 2009, kwa hiyo usihangaike kuomba upunguziwe nauli. Unalipa kwa kadi ya Nol, unaigusisha getini ukiingia na ukitoka. Geti halina undugu.

Treni ikifungua milango utaona nafasi. Usiikimbilie. Tazama sakafu: mstari wa rangi ya waridi ni mpaka wa wanawake na watoto, na mwanamume akiuvuka anatozwa dirhamu 100. Behewa lenye viti vipana ni la Gold. Nauli yake ni mara mbili, na waliomo watafika saa ileile mtakayofika ninyi.

Usisalimie behewa zima. Watakutazama kama muuza dawa za meno aliyepandia njiani.

Sasa tuzungumze habari za kuku. Najua umembeba. Mtu wa Singida hasafiri bila kuku, wa kukaanga au mzima, na hapa wote wawili ni kosa. Kula au kunywa, iwe ndani ya treni au stesheni, ni dirhamu 100. Mnyama hai haruhusiwi, isipokuwa mbwa anayemwongoza asiyeona. Mbwa anapanda, kuku anabaki. Ndiyo maendeleo yenyewe. Ukishiba huko nje ukaja na usingizi, chunga pia: kulala pasiporuhusiwa ni dirhamu 300, fedha ambayo Singida mjini ingekulaza gesti siku kadhaa, na chai ya asubuhi juu.

Kati ya Al Ghubaiba na Al Ras treni inapita chini ya Khor, mkono wa bahari unaoigawa Dubai. Juu ya kichwa chako kuna maji na majahazi. Hutahisi chochote, wewe shikilia mfuko wenye dola.

Kituo kikikupita, limeze lile "shusha!" lililokwishafika mdomoni, wala usigonge bodi. Zaidi ya yote, usiguse kifaa cha dharura: ukikichezea bila sababu ni dirhamu 2,000. Kwa fedha hiyo, afadhali upitilize hadi mwisho wa reli ukarudi taratibu.

Ukishatua Dar es Salaam, SGR itakufikisha Dodoma. Safari hizo zilianza Julai 25, 2024. Kutoka hapo panda basi hadi Singida mjini, kisha Hiace ya Ilongero. Humo kuku anaruhusiwa, na "shusha" ni bure.