Hongera kwa Kufuta Viza

Kwa Idara ya Uhamiaji,
Nyayo House, Nairobi.

Wakuu wetu,

MINT: PONGEZI ZILIZOCHELEWA

Tarehe 12 Desemba 2023, Sikukuu ya Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayebeba tena mzigo wa kuomba viza ya Kenya. Tulipiga makofi. Kumbe ninyi mlikuwa na eTA tayari: idhini ya kusafiri ambayo mgeni huiomba mtandaoni kabla ya kuondoka kwao, akiambatisha pasipoti, picha ya uso, ratiba ya safari na mahali atakapolala. Kisha hulipa dola 30 na kusubiri jibu. Sisi tusiosoma sana tuliiona viza ile ile. Viza ya kuingia mara moja ilikuwa dola 50, kwa hiyo kwa hesabu yangu kilichofutwa ni dola 20.

Usawa nao mliuzingatia. Mzambia na Mmalawi, waliokuwa wakiingia bila viza, wote wawili walionjeshwa uhuru huu mpya kwa malipo. Hata watoto wachanga hamkuwasahau: kila mgeni na idhini yake, mwenye meno na kibogoyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mkampelekea mgeni bili ya matibabu.

Ujuzi wenu unaenea. Mwenye nyumba wangu naye amefuta kodi. Siku hizi naomba tu idhini ya kielektroniki ya kulala, inayolipiwa kabla ya tarehe 5.

Linalonitatiza ni moja. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kuwaondolea eTA Waafrika karibu wote, isipokuwa wa Somalia na Libya. Ikiwa mzigo ulishatuliwa mwaka mmoja nyuma, Waafrika hawa walikuwa wakitua nini? Benin na Rwanda ziliwafungulia Waafrika milango bila kuhangaika kutafuta jina jipya la komeo.

Uamuzi huo ni mzuri, na hapa sifanyi mzaha. Lakini Mjerumani, Mhindi na Mmarekani bado wanajaza fomu ya viza tunayoambiwa haipo. Serikali ina haki ya kuwatoza wageni na kuwachunguza kabla hawajafika. Nchi nyingi hufanya hivyo. Basi iiteni viza, mtaje bei yake, na msitupigishe makofi tena mpaka mtakapoifuta kweli.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi, Nairobi.