Kwa Heshima na Taadhima, Slurm

Waswahili wamesifu vingi. Wamesifu nazi na mnazi wake, wamesifu majahazi, wamesifu mabwana harusi ambao hata hawakustahili, na kila mwaka wa uchaguzi wanasifu watu ambao ni afadhali ingesifiwa nazi. Lakini sijapata kusikia mtu amesimama ukumbini, akakohoa, akaisifu ile mistari michache inayokaa juu ya skripti ya mtu anayetaka kutuma kazi kwenye klasta. Leo nasimama mimi.

Kwa wasiobahatika kuteseka: klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, zimepangwa makabatini ndani ya chumba chenye baridi kuliko ofisi ya mkurugenzi, na kazi yake ni hesabu ambazo laptopu yako ingezifanya hadi upate wajukuu. Kwa kuwa wanaozitaka ni wengi, huwezi kuingia tu ukaanza. Yupo mgawaji. Kwa sehemu kubwa ya dunia mgawaji huyo ni Slurm, programu iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, mahali wanapobuni silaha za nyuklia, na leo inaziongoza klasta za Frontier ya Oak Ridge na LUMI ya Kajaani, Ufini. Livermore wenyewe, kwenye mashine yao mpya ya El Capitan, wamehamia mgawaji mwingine waliyemuunda, Flux. Mzazi akimkimbia mwanawe, majirani hawaulizi.

Unaandika skripti yako. Juu kabisa unaweka maombi, kila ombi na mstari wake, kila mstari ukianza na #SBATCH: kori ngapi za prosesa, memori kiasi gani, muda gani, foleni ipi. Unatuma, unapewa namba, unakwenda kunywa chai. Chai inakwisha.

Nianze na sitara yake, maana muungwana husifiwa kwanza kwa kufunika aibu za watu. Ukiteleza ukaacha nafasi moja tu kati ya alama ya reli na neno SBATCH, Slurm hailalamiki. Inauchukulia mstari huo kuwa ni maoni yako binafsi, inayaheshimu, na haiyafanyii kazi. Ukiuweka mstari chini ya amri ya kwanza ya skripti, vivyo hivyo: kimya. Ukiielekeza iandike matokeo kwenye folda ambayo hukuitengeneza, kazi inakufa papo hapo na haiachi hata wosia, kwa sababu wosia ungeandikwa ndani ya folda isiyokuwepo. Namfahamu mwanafunzi aliyekesha akitafuta kazi iliyofariki bila maiti.

Ina pia usahihi ambao walimu wetu wa sarufi wangeuonea wivu. Ukiomba --time=48:00 ukidhani umepata siku mbili, umepata dakika 48. Saa 48 huandikwa 48:00:00. Siku mbili huandikwa 2-00. Ukiandika 2 peke yake ni dakika mbili, na zikitimia inakuja ishara ya kukuomba ufunge, kisha, kama wasimamizi hawakugeuza kitu, sekunde 30 za kutubu, kisha kisu. Memori nayo ina adabu zake: --mem=16 ni megabaiti 16, siyo gigabaiti, na programu yako haitawahi hata kufumbua macho. Sisi ambao saa moja yetu ya asubuhi ni saa saba ya wenzetu hatuna haki ya kumcheka mtu kwa habari ya saa, kwa hiyo napita.

Unyenyekevu: kuna mpangilio unaitwa --nice, unaokuwezesha kuisogeza kazi yako nyuma kwa hiari ili wengine wapite. Upo, unafanya kazi, na sijaona binadamu aliyeutumia.

Hayo yote lakini ni mapambo. Sifa iliyonisimamisha hapa ni moja, nayo ni haki. Slurm haijui wewe ni mtoto wa nani.

Tukae hapa kidogo, waungwana. Kumbukeni ofisi yoyote mliyowahi kupanga foleni. Kuna anayeingia kwa mlango wa nyuma na bahasha. Kuna shemeji. Kuna aliyetoka kijiji kimoja na karani, kuna mzee anayepishwa kwa mvi zake na kijana anayepishwa kwa gari lake. Sasa nenda kwenye Slurm na mvi zako. Nenda na kadi ya mwaliko wa harusi. Haina jicho la kukuona, haina mkono wa kupokea, haina mke wa kupelekewa doti ya khanga. Huwezi kuiambia "mkuu, tusaidiane." Haijui kabila, haijui dini, haijui Simba wala Yanga. Ninaamini kwa dhati kwamba ingepewa viwanja vya mji igawe, tungekuwa na barabara za mitaa. Ingepewa pilau ya harusi, mpiga kelele asingepata nyama kumshinda mkimya. Ingesimamia zamu za kisima, uchaguzi wa chama cha ushirika, viti vya mbele msibani, hata urithi wa mzee aliyeacha wake watatu na shamba moja la mikarafuu. Na wajane wangetoka pale kila mmoja na namba yake mkononi, wametulia, wakijua kwamba anayetangulia ametangulia kwa hesabu.

Maana haki yake ina daftari. Kila kori unayoishika inaandikwa, dakika kwa dakika, uitumie usiitumie, na kadiri unavyoshika nyingi ndivyo kazi yako ya kesho inavyosogezwa nyuma. Halafu tazameni huruma: kwa mpangilio wa kawaida, dhambi hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 7. Serikali hazijafika huko.

Wadogo nao haikuwasahau. Kazi kubwa ikiwa inangojea nodi zake 20, yaani kompyuta 20 za klasta, zikusanyike, Slurm huangalia mapengo, na kazi fupi inayoweza kwisha kabla ya zamu ya mkubwa inachomekwa katikati, kama kondakta wa daladala anavyomchomeka mwembamba kati ya mama wawili wenye vikapu. Ila kondakta anamwona abiria. Slurm inaamini muda ulioandika kwa mkono wako. Aliyeandika saa moja, akijua ni saa moja, anapanda. Aliyeandika siku saba "kwa usalama" anabaki kituoni na usalama wake.

Na ukingoja haikuachi gizani. Unaandika squeue, inakujibu kwa herufi mbili, PD, na pembeni sababu. Priority, maana yake wapo waliokutangulia. Resources, maana yake umefika mbele lakini hakuna pa kukuweka. Ukitaka kujua kazi itaanza lini, unaandika squeue --start, nayo inakutajia siku, saa, dakika na sekunde. Kwamba sekunde hiyo ikikaribia inahamia Alhamisi, na Alhamisi ikifika inahamia wiki ya pili, hilo ni dogo. Kuna watumishi wa umma ambao hawajawahi kunitajia hata mwaka.

Basi kwa nini, mtauliza, chini ya mgawaji mwadilifu namna hii, kazi yangu ya kuunganisha jenomu ya mbu inasoma PD tangu kabla mwezi haujaandama? Kwa sababu haki ya Slurm inaanzia kwenye ile mistari ya juu, na mistari ya juu inaandikwa na binadamu.

Yupo ndugu yangu mmoja katika sayansi, simtaji. Kila kazi anayoituma inaomba kori 64. Anapanga vipande vya DNA kwa programu ya bwa, na bwa usipoiambia kwa -t itumie nyuzi ngapi, yaani kori ngapi kwa pamoja, inatumia uzi mmoja. Hakuiambia. Kazi ikiisha, ukiandika seff na namba yake, unaona ufanisi wa prosesa: 1.56%. Gawa moja kwa 64 uone inatoka ngapi. Kori 63 zimelala usiku kucha zikipulizwa feni, umeme umelipiwa, hakuna aliyezigusa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Nilimwuliza kwa adabu, "Dokta, hizi 64 za nini?" Akanijibu, "Skripti nilipewa hivyo, mdogo wangu. Nikipunguza ikagoma, utanisaidia?"

Alipewa. Wote wamepewa. Skripti ile ina nasaba. Iliandikwa na mtu aliyehitimu zamani, kwenye klasta nyingine, kwa kazi nyingine. Aliyemfuata akainakili, na wa tatu akanakili kwa wa pili, hata mstari wa --mail-user mpaka leo una anwani ya yule wa kwanza, ambaye sasa anauza vipuri vya magari na bado anaamshwa usiku wa manane na taarifa kwamba kazi ya mtu asiyemjua imeanguka. Hakuna anayethubutu kuufuta mstari. Ni watu wenye shahada za uzamivu. Wanaweza kubishana juu ya jeni moja ya mbu hadi adhana ya alfajiri. Waambie wabadilishe 64 iwe 8, wanakuuliza kama umemwomba ruhusa mwenyewe.

Mnaomba memori yote ya nodi, mnatumia kona yake. Mnaomba siku saba, mnamaliza ndani ya saa tatu. Mnashika msichokitumia ili mwenzenu asikishike, halafu mnaandika barua pepe kwa idara nzima kulalamika kwamba foleni imekuwa ndefu mno. Foleni ni nyinyi!

Samahani. Narudi kwenye sifa.

Slurm haijui wewe ni mtoto wa nani, mpaka ifundishwe. Uzito wa kila kigezo, yaani umri wa kazi kwenye foleni, mgawo wako, ukubwa wa kazi, daraja lako, hauji na programu. Usipopangwa ni sifuri. Unaandikwa na msimamizi ndani ya faili la slurm.conf, na msimamizi naye ana bosi. Taasisi yetu ilipozindua klasta palikuwa na hema, utepe, mkasi na ngoma. Mgeni rasmi alilishika kabati, akapigwa picha akilishika. Haikupita miezi mingi ikazaliwa foleni maalumu. Ina nodi zake zenye GPU, haiingiliki isipokuwa kwa akaunti mbili tatu, na daraja lake limewekwa juu ya madaraja yote. Tangazo halikutoka. Tuliiona kwa amri ya sinfo: huku kazi zetu zimejaza ukurasa mzima, mstari mmoja unasoma idle, yaani nodi zimelala. Asubuhi idle. Mchana idle. Usiku wa manane, wakati muuza vipuri anaamshwa, idle.

Ukimwuliza kijana wa IT anatazama kibodi.

"Mkuu, ile ni ya mradi."

Mradi gani?

"Wa wakubwa."

Wanaitumia lini?

"Wataitumia."

Kijana simlaumu. Ndiye peke yake anayeiangalia klasta nzima, pamoja na printa za utawala na projekta ya ukumbi wa mikutano. Fedha za makabati zilipatikana, na jina la mfadhili limebandikwa mlangoni. Fedha za mshahara wa mtu wa pili hazina mahali pa kubandika jina. Umeme ukikatika ni yeye anayepigiwa simu. Baadhi ya nodi zimeandikwa down, na kinyota pembeni, maana yake haziitiki zikiitwa, na zitabaki haziitiki mpaka printa ya uhasibu ipone.

Kwa hiyo Slurm inagawa kwa haki kamili kile kilichobaki baada ya wakubwa kujigawia. Inakigawa bila upendeleo hata chembe, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Sasa nina ombi kwa mwenye foleni maalumu, kwa heshima zote za cheo chake. Mheshimiwa, hatukuombi uirudishe. Slurm ina utaratibu unaoruhusu watu wa chini watumie nodi zako zikiwa zimelala. Dakika utakayotuma kazi yako, zetu zinaondolewa na kurudishwa kwenye foleni, wewe unaingia. Hutangoja, wala hutatuona. Ni mistari michache ndani ya slurm.conf, wa PreemptType na wa PreemptMode=REQUEUE ikiwa vinara wake, na kijana anaijua; anachosubiri ni idhini yako. Tuko radhi kunyang'anywa katikati ya hesabu na kuanza upya. Mwandikie tu barua pepe kabla ya Ijumaa, na ukimaliza, mwambie ndugu yetu wa kori 64 kwamba bwa ina -t.